Rangi ya Kucha kwenye Irabu

...na betri, asisahau kuulizia betri, maana mwenyekiti wa kamati ya shule alimwambia mwalimu, cha kwanza betri, umeme wetu unaujua, ukikatika masika unarudi kiangazi, na wazazi wote wakacheka, na sasa Hosea mwenye duka alikuwa bado anaeleza, laptopi mbili zimefunguliwa mbele yake juu ya kaunta ya kioo, hii ya kulia mpya, mwalimu, nailoni yake hiyo hapo hata sijaibandua, na hii ya kushoto imetumika lakini ni ya kiofisi, hizi zimetengenezwa kwa watu wa kazi, siyo za kutazamia sinema, bawaba za chuma, kibodi hata ukiimwagia chai inavumilia, bei zinakaribiana, siyo za kukutoa jasho na siyo za kukutia wasiwasi, kazi yako ni kuchagua tu, nikufungie ipi, na Mwalimu Dorosela akawa anaitikia kwa kichwa, hmm, hmm, kama anavyomwitikia mtoto anayesoma ukurasa ambao yeye anaujua hata akifumba macho, lakini habari za bawaba hakuwa anazisikia, alikuwa anaitazama herufi A ya ile laptopi ya kushoto, kwenye pembe yake ya chini, pale kitufe kinapozama, palikuwa na kijistari chekundu, chembamba kama uzi, labda uchafu, labda wino, watu wanakula huku wanafanya kazi, labda ni nyanya tu, akaenda kwenye E na kijistari kilikuwepo, akaenda kwenye I, kipo, O, kipo, akajikuta hataki kwenda kwenye U, lakini U iko jirani kabisa na I, jicho lilikuwa limeshaipita, akarudi, kipo, na vitufe vingine vyote vyeusi, M safi, B safi, K safi, zile herufi ambazo zikiwa peke yao hazisemi kitu, na zile tano ambazo bila hizo mtoto hawezi kusoma hata jina la mama yake ndizo zilizokuwa na wekundu pembeni, a, e, i, o, u, akazitamka moyoni kwa sauti ileile ya kila asubuhi mbele ya darasa la kwanza, a, e, i, o, u, na akalikaza kifuani koti lake zito alilotoka nalo Njombe... kwa sababu rangi ile ilikuwa ya Tabea, rangi ya kucha, kichupa alichokinunua kwa ajili ya harusi ya Lightness, mwalimu mwenzao, na harusi ilipopita kikabaki na rangi kidogo, nao wakawa wamekaa darasani watoto wameshaondoka, ukungu umelala dirishani, na yeye Dorosela akasema mdogo wangu, watoto wakishika hii kompyuta yangu wanapotea, herufi zimetapanyika kama mahindi yaliyomwagika, hawajui waanzie wapi, ningepata namna ya kuwawekea alama kwenye irabu, na Tabea akacheka, akatoa kichupa kwenye mkoba, basi dada tuzipake kucha, nazo ziende harusini, na Tabea mwenyewe ndiye aliyeshika brashi kwa sababu vidole vya Dorosela vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, akadondosha doti moja moja, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama mtoto, A, E, I, alipofika O akapiga chafya, doti ikamwagika, wakacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia... akaitazama O, ndiyo, O ilikuwa na wekundu mwingi kuliko wenzake, umevuka ukingo wa kitufe na kushuka, mtu alikuwa amejaribu kuukwangua akachoka, ni yenyewe, hakuna nyingine duniani yenye chafya ya Tabea kwenye O.

Mwalimu, utaitazama mpaka ione aibu, alisema Hosea kwa utani, na Dorosela akatabasamu kwa mazoea, uso wa mwalimu unajua kutabasamu wenyewe hata mwenyewe akiwa hayupo, akageuza shingo taratibu kuelekea mlangoni, Tabea alikuwa amesimama pale, mgongo kwao, simu sikioni, upepo wa Makambako unampeperusha kitenge, malori ya barabara kuu yanapita na kila moja likipita kioo cha kaunta kinatetemeka, mdogo wake Tabea, si mdogo wa tumbo moja lakini ni nani aliyekuwa anauliza, walimu wa shule moja, nyumba zimepakana ukuta, anayepika mapema anamwita mwenzake, Tabea ambaye tangu waingie alikuwa hajasogelea kaunta, nipate mtandao hapa nje, dada, wewe angalia tu, wewe ndiye mwenye jicho... na iliungua, si iliungua, alimwambia imeungua ndani, haitengenezeki, hayo ndiyo yalikuwa maneno yenyewe, maana laptopi ilianza kuchemka kama sufuria, ikawa inazimika katikati ya kazi, na Tabea akasema nakwenda Ilembula kumwona mama hospitalini, nitapitia Makambako, kuna fundi, nipe niende nayo, na Dorosela akaifunga kwenye kitenge chake kizuri kama anayefunga mtoto wa mtu, chaja ikasahaulika kwenye soketi, na Tabea aliporudi alirudi na kitenge tu, amekikunja vizuri, akasimama mlangoni analia, dada nisamehe, fundi amesema imeungua ndani, haitengenezeki, hata vitu vilivyomo haviwezi kutoka, nimemwachia aitolee vipuri, na yeye Dorosela akafanya nini, akamkalisha, akamwekea chai, akamwambia usilie, ni chuma tu, mama yako ndiye wa kulilia, akamfuta machozi kwa kitenge kilekile, yeye ndiye aliyemfariji, yeye, na ile chaja bado inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni mpaka leo, ameshindwa kuitupa, kila akipita anaigusa... mwalimu, sikia nikwambie ukweli wa hii ya kushoto, Hosea alikuwa anasema, ameinama kama anayetaja siri ya ukoo, mimi simfichi mteja, hii ilikuja inachemka, lakini tulipoifungua hatukukuta ugonjwa wowote, tulikuta vumbi jeupe kwenye feni, jeupe kama unga wa sembe, nikamwambia mke wangu hii ilikuwa ya mwalimu, hii ni chaki, tukaipuliza tu, tukaisafisha, tangu hapo mke wangu anafanyia hesabu za duka, haijawahi kutusumbua hata siku moja, juzi ndiyo nimemletea nyingine nikasema hii tuiachie riziki iende, kwa hiyo usione imetumika ukaidharau, ukitaka mashine ya kuitegemea kila siku, asubuhi mpaka jioni, mimi ningechukua hii... chaki, alikuwa anasema chaki, vumbi la chaki yake mwenyewe, kumbe ilikuwa inakohoa tu kama anavyokohoa yeye kila muhula unapokwisha, ilitaka kupulizwa, pumzi moja ya mtu, na yeye aliililia kama maiti.

Na ilikuja na nini ndani, alisikia sauti yake ikiuliza, sauti ya kawaida kabisa, ya kuuliza nani hayupo leo, na Hosea akacheka kidogo, aah, vitu vya watoto watoto, mwalimu, sauti, watoto wanasoma, mmoja mmoja, mke wangu alikuwa anazisikiliza anacheka, kuna mmoja anasema ba-ba a-na-li-ma vi-a-zi, anarudia mara nyingi mpaka anapatia, halafu unasikia darasa zima linapiga makofi, tulicheka sana, baadaye tukafuta vyote ili ipate nafasi, sasa hivi ni tupu, safi kabisa, kama mpya... na hapo ndipo kitu kilipokatika, si pale kwenye rangi, si pale kwenye chaki, ni hapa, baba analima viazi, huyo ni Davis, Davis wa Mdandu aliyekuja kukaa kwa shangazi yake, ambaye alikaa mwaka mzima na mdomo umefungwa, ambaye watu wote walisema huyu hasomi mpaka kufa, na asubuhi ile ya baridi alipoweka kidole kwenye mstari na silabi zikaanza kushikana mikono, Dorosela alibonyeza kurekodi, kila mtoto alirekodiwa siku aliyosoma sentensi yake ya kwanza, kila mtoto, miaka na miaka ya watoto, alikuwa anajiwekea, si kwa ajili ya mkaguzi wala kwa ajili ya nani, kwa ajili ya jioni zake za uzeeni, na Tabea alijua, Tabea alikuwa anakuja jioni kuzisikiliza, weka ya Davis, dada, weka ya yule mwenye kigugumizi, na akaenda akaziuza zikiwa hai, zikiwa zinapiga makofi mle ndani, halafu akarudi na kitenge kitupu na kusema haviwezi kutoka, viliweza kutoka, vilitoka, vilimchekesha mke wa mtu huku Makambako halafu vikafutwa ili ipatikane nafasi ya hesabu za kuuza chaja.

Aliyeileta alikuwa nani, aliuliza, na hakuwa na haja ya kuuliza, mtoto anapouliza jambo analolijua anataka uongo umwokoe, alilijua hilo tangu zamani, na Hosea akasema dada mmoja tu, mimi sikuwepo, alipokelewa na mke wangu, alisema mama yake amelazwa Ilembula anahitaji hela haraka, watu wana shida, mwalimu... ndiyo, watu wana shida, na mama yake kweli alikuwa amelazwa Ilembula, hilo halikuwa uongo, Dorosela mwenyewe alikwenda kumwona, alibeba uji kwenye chupa ya chai ili ufike wa moto, aliushika mkono wa yule mama na mama akamsalimia kwa kilugha, kamwene, mwanangu, umefika, akamwita mwanangu, na sasa mama ni mzima, yuko Mdandu, kila msimu anamtumia maparachichi kwenye kiroba, mwambie Dorosela ni ya kwake, na yeye huyala kwa chumvi akimshukuru Mungu kwa watu wema, alikuwa anakula nini kumbe, angeniomba, hilo tu, angepiga hatua mbili za ukutani akasema dada mama anakufa, nimeishiwa, si ningeichukua mwenyewe laptopi nikampa, ningeifunga kwenye kitenge kilekile, ningesema ngoja tu nitoe sauti za watoto halafu twende wote tukaiuze, tungeongozana, ningekusindikiza mdogo wangu, lakini hakuomba, kwa nini hakuomba, aliogopa kunyimwa na mtu ambaye hajawahi kumnyima hata ndimu, au aliona haya, au aliona ni rahisi zaidi nilie kuliko nitoe, aliniona mjinga, dada huyu ukimwambia imeungua ataamini, dada huyu ana imani na watu, na kweli niliamini, akawaza Dorosela, niliamini kama mtoto wa darasa la kwanza anavyoamini kwamba mwalimu anaishi shuleni... na si nilimsemea, Mungu wangu, si nilimsemea, kwenye mkutano wa wazazi juzi tu walipouliza mashine ya shule itakaa kwa nani, ofisi yetu haina mlango wa maana, na mzee Laurenti akasema iwekwe kwa mtu mmoja anayeaminika, ni yeye Dorosela aliyesimama mbele ya watu waliochangishana kwa viazi na mbao, akasema ikae kwa Mwalimu Tabea, nyumba yake ina kitasa kizuri, na Tabea ni kama mimi, mkimwona yeye mmeniona mimi, watu wakapiga makofi, na Tabea akatazama chini, yeye akadhani ni unyenyekevu, kumbe alikuwa anatazama chini, tu, na leo jioni mashine yoyote atakayoichagua hapa itabebwa na mikono ile, itapanda gari la Njombe kwenye mapaja yale, italala nyuma ya kitasa kile, matokeo ya watoto wote na majina ya watoto wote mle ndani, na siku mama akiugua tena... aliona aibu kuwaza hivyo, halafu akaona hana sababu ya kuona aibu, na hilo likawa jipya.

Mwalimu, alisema Hosea, taratibu sasa, unajisikia vizuri, nikupe kiti hiki, na Dorosela akasema hapana, nipo, nawaza betri, na Hosea akaridhika, akaanza habari za betri, zote mbili zinakaa, ya kushoto nimeibadilisha mwenyewe, lakini sauti yake ilikuwa inafika kama ya mtu anayefundisha darasa la upande wa pili wa ukuta, maana asubuhi ilikuwa inarudi, asubuhi ndani ya gari, Tabea amekaa dirishani anasema dada kwa nini tusinunue Njombe, hawa wa Makambako wamezoea wasafiri, watatupiga bei, na mwenyekiti alikuwa ameshasema nendeni kwa Hosea, ni mtu wa kanisa, ana waranti, na Tabea akanyamaza, Tabea ambaye huongea toka stendi mpaka stendi, alinyamaza kuanzia pale hadi wanashuka, na walipofika mlangoni aliingiza kichwa kwanza, akazungusha macho kwenye rafu kama mtu anayetafuta nyoka, halafu akasema mtandao... na wakati huohuo, kama vile aliitwa, Tabea akageuza uso nusu kutoka kule mlangoni, simu ameishusha kutoka sikioni, akasema kwa sauti ya juu kidogo, yenye furaha kidogo kupita kiasi, dada, chukua mpya, hiyo nzee achana nayo, itatuletea aibu kwa wazazi, na akarudisha uso nje kabla hajajibiwa, na Dorosela akaiona simu, kioo chake kilikuwa cheusi, hakukuwa na mtu upande wa pili, alikuwa anaongea na upepo, tangu walipoingia alikuwa anaongea na upepo, kwa hiyo ameiona, aliiona tangu mlangoni, anajua iko hapa, na anajua mimi naitazama, na amesimama pale akisubiri kuona kama nitakuwa mjinga kwa mara nyingine, anaomba Mungu niwe mjinga kwa mara nyingine, na mimi naweza, akawaza, hilo ndilo la kutisha, naweza kabisa, naweza kusema haya Hosea funga ile mpya, nikamkabidhi abebe, tukala chipsi stendi, tukarudi, nikala maparachichi, ukuta mmoja, maisha yote, ni kazi ndogo sana kuwa mjinga, nimeizoea.

Akaweka kidole juu ya O, akausikia ule mkwaruzo chini ya ngozi, mdogo, mgumu, na bila kuitafuta ikamjia kalamu, kalamu ya risasi, zile kalamu zote za watoto zilizowahi kupotea darasani, maana tangu alipoanza kazi hii hajawahi kumwuliza mtoto umeiba, hajawahi, alikuwa anamwita yule anayemjua kuwa ndiye, anamkalisha kwenye kiti chake yeye mwalimu, anampa kalamu ileile ya mwenzake na karatasi nyeupe, anamwambia niandikie jina lako vizuri, halafu anakwenda kusimama dirishani, anatazama nje, anatazama miti ya misonobari na ukungu, ili mtoto awe peke yake na kalamu ile na jina lake, na huwa haimalizwi herufi ya pili, unasikia pua inavutwa, unasikia kalamu inawekwa mezani polepole, na wewe unageuka ukiwa umeshasamehe, hiyo ndiyo ilikuwa njia yake, walimu vijana walikuja kujifunza, Tabea mwenyewe alikuja kujifunza, alikaa nyuma ya darasa siku moja akatazama yote, na mtoto alipotoka akasema dada, wewe ungekuwa hakimu watu wangejifunga wenyewe, na kwa hiyo atajua, akivutiwa kiti hiki atajua mara moja, akiambiwa njoo mdogo wangu, jaribu kibodi, niandikie jina lako, hatahitaji kuelezwa, T haina kitu, T ni nyeusi, lakini ya pili ni A, na baada ya B kuna E, na mwisho kuna A tena, jina lake lote linapita juu ya rangi yake mwenyewe... mwalimu, alisema Hosea, laptopi mbili bado wazi mbele yake, lori likapita na kaunta ikatetemeka, nikufungie ipi, na Dorosela alikuwa anakivuta kile kiti, anakisogeza mbele ya ile ya kushoto, anakinyoosha vizuri kama anavyokinyoosha kila siku, na kule mlangoni mgongo wa Tabea ulikuwa umetulia mno kwa mtu anayezungumza na simu, na duka hili lina dirisha, aliliona, dirisha dogo linaloangalia reli, lingefaa kabisa kusimama, lakini alikwisha kujua, na aliona ajabu jinsi jambo hilo lilivyomwingia bila kelele, kwamba leo hatakwenda dirishani.